Inzi Asiye na Mabawa: Namna ya Kufunga Chambo cha Trauti

Mtu apitaye kando ya mto Gura au mto Thego asubuhi na mapema, ukungu ungali juu ya milima, huenda akamwona mvuvi amesimama majini hadi magotini, akiurusha mshipi wake nyuma na mbele kama mchungaji achezeshaye mjeledi. Ndoana yake haina mnyoo wala kipande cha nyama. Mwisho wa mshipi pana kitu kisichozidi sana ukubwa wa punje ya mpunga, kilichofanywa kwa manyoya na uzi. Kitu hicho huitwa inzi, ingawa mara nyingi hafanani na inzi hata kidogo, na ndicho kinachomdanganya samaki aliye mwangalifu kuliko wote wa mito ya milimani.

Samaki huyo, trauti, si mwenyeji wa Kenya. Katika mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti, na mto Gura, unaotoka katika milima ya Aberdare, ukawa wa kwanza kupata samaki hao. Hao ndio trauti wa rangi ya hudhurungi wenye madoadoa. Baadaye akaletwa wa aina ya pili, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni mito iingiayo katika Bahari ya Pasifiki. Wote wawili hutaka maji safi, yaendayo kasi, na yenye baridi. Joto likipita nyuzi 20 za sentigredi huanza kutaabika. Ndiyo sababu mtu hawezi kuwapata katika mito ya tambarare, hata kama mito hiyo ni mikubwa na ina samaki wengi wa namna nyingine.

Mwanafunzi wa kazi hii mara nyingi hukosea tangu mwanzo. Huona katika duka inzi wa rangi nyekundu, manjano na buluu, wenye mabawa marefu na mkia unaometameta, naye hudhani kwamba uzuri huo ndio umvutao samaki. Hutumia jioni nzima kumfunga mmoja, na manyoya ya aina sita au saba. Kesho yake trauti wa kwanza humng’ata mara moja, uzi hufumuka, mabawa hulala upande, na kazi ya jioni nzima imekwisha. Kwa kweli inzi wengi wa namna hiyo huwanasa wanunuzi kuliko samaki.

Aliyeonyesha jambo hili kwa wazi kabisa ni Mwingereza mmoja, Frank Sawyer, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1980. Hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa mtunzaji wa mto Avon katika jimbo la Wiltshire, karibu na kijiji cha Netheravon. Kazi yake ilikuwa kukata magugu ya majini, kulinda kingo na kuwatazama samaki mwaka baada ya mwaka. Kwa kutazama hivyo aliona kwamba trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, wala si juu yake. Hula mabuu ya wadudu waishio mtoni, ambao baadaye hupanda juu, huota mabawa, huruka siku moja au mbili, kisha hufa. Tena aliona kwamba buu anapoogelea huikunja miguu yake karibu na mwili. Basi kwa nini mfungaji ajisumbue kumtilia miguu? Sawyer akatengeneza inzi asiye na miguu wala mabawa, kwa vitu viwili tu: nyuzinyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege mwenye mkia mrefu wa hudhurungi, na waya mwembamba wa shaba. Hata uzi hakuutumia. Habari zake alizieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, na inzi huyo amesafiri hadi kila nchi yenye trauti.

Mfungaji wa Nyeri au Kericho hana fezanti uani, lakini hana haja ya kuagiza manyoya ng’ambo. Unyoya wa mkia wa bata mzinga wa hudhurungi hufaa sana. Waya wa shaba mwembamba kama unywele hupatikana katika koili ya redio iliyoharibika. Zaidi ya hapo anahitaji ndoana ndogo za namba 14 au 16, mkasi mkali, na jiliwa ndogo ya kuishika ndoana. Asiye na jiliwa hushika ndoana kwa koleo, na kulifunga koleo kwa mpira mikononi mwake.

Kwanza huzungusha waya juu ya sehemu iliyonyooka ya ndoana, kutoka nyuma ya jicho mpaka pale inapoanza kupinda, kisha hurudi mbele na kuongeza mizunguko kadhaa ili kifanyike kinundu, mahali pa kifua cha mdudu. Waya huurudisha tena nyuma. Hapo huchukua nyuzinyuzi nne za unyoya na kuzifunga ili ncha zake zitokeze kidogo. Hizo ndizo mkia. Sasa huja jambo lenye akili kuliko yote katika kazi hii: nyuzinyuzi husokotwa pamoja na waya, kama mama asokotavyo kamba ya kiondo, ndipo zote huzungushwa pamoja kwenda mbele. Manyoya peke yake yangekatwa na meno ya samaki mara moja. Yakiisha kusokotwa na waya, waya huyashika kila mahali, na hata sehemu moja ikikatika nyingine haifumuki.

Akifika karibu na jicho, mfungaji hutenganisha waya na nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi huzikunja juu ya kinundu kwenda nyuma, huzifunga kwa waya, huzirudisha mbele na kuzifunga tena. Mgongo mweusi uliovimba ndio dalili ya buu aliye karibu kuota mabawa. Kisha hukata yaliyobaki, na kazi imekwisha. Mkono uliozoea humaliza kwa dakika chache.

Kosa moja huharibu inzi wengi kuliko makosa mengine yote, nalo ni kujaza vitu karibu na jicho la ndoana. Mfungaji mwenye pupa husahau kuacha nafasi, na mwishowe mshipi haupiti tundu. Jambo hili si dogo kwa watu wa Kenya, kwa sababu nchi hii imejulikana kwa muda mrefu kwa kufunga inzi wauzwao Ulaya na Marekani, na wafungaji wengi, wanawake kwa wanaume, hulipwa kwa hesabu ya kazi waliyoimaliza. Inzi mwenye jicho lililozibika hana mnunuzi hata awe mzuri namna gani. Wala si rahisi kufanya dazeni moja ya inzi walio sawasawa, mkia wa huyu usiwe mrefu kuliko wa yule, wote kumi na wawili. Aonaye kazi hii kuwa mchezo wa watoto na ajaribu kufunga wawili tu.

Mtoni, mvuvi mwenye leseni humtupa inzi huyu juu ya mahali alipo samaki, yaani upande maji yanakotoka, akamwacha azame kwa uzito wa waya wake. Anapokaribia samaki, mvuvi huinua ncha ya ufito polepole, na inzi hupanda kama buu aendaye juu kuota mabawa. Sawyer mwenyewe aliifundisha mbinu hiyo. Mara nyingi trauti ambaye amewaacha inzi wengine wapite humfuata huyu na kumkamata. Mvuvi haoni mengi: mshipi husimama kidogo, au mng’ao mweupe hutokea chini ya maji samaki afunguapo kinywa. Akingoja mpaka avutwe mkono, amechelewa. Samaki amekwisha kumtema.

Baada ya samaki watatu au wanne manyoya hukatika-katika na shaba huanza kuonekana katikati yake. Mgeni humtupa inzi huyo na kufunga mpya. Mzoefu huendelea kumtumia mpaka libaki waya tupu, na jioni huifungua shaba, akaisokota upya na unyoya mwingine juu ya ndoana ile ile.