Je, Wajua? Washa, Mpira Mdogo Unaoshikilia Maji ya Nyumba

Usiku nyumba imetulia, shawa imefungwa, lakini bafuni tone linaanguka kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Tukikadiria matone 4,000 kwa lita, kufikia usiku wa pili zimemwagika zaidi ya lita 21: ndoo kubwa imejaa pomoni na kufurika. Wahenga walihesabu haba na haba kwa kujaza kibaba. Koki inayovuja hufanya hesabu hiyohiyo kwa kumwaga.

Mara nyingi chanzo ni washa, kipande cha mpira cha duara kinachoenea kwenye ncha ya kidole gumba. Ukizungusha mkono wa koki, shafti yenye nyuzi hushuka na kuikandamiza washa juu ya kiti, yaani ukingo wa shaba unaozunguka tundu la maji. Shaba ikikutana na shaba, maji hupata pa kupita, kwa sababu hata shaba inayong'aa ina mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Mpira huilalia mikwaruzo hiyo na kuijaza. Kinachofunga maji ni ulaini wa mpira. Nguvu ya mkono husaidia tu.

Mpira wenyewe haukuwa tayari kwa kazi hii tangu mwanzo. Zamani ulinata penye joto na kupasuka penye baridi. Mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara bila kupoteza unyumbufu, akapata hataza mwaka 1844. Mwaka uliofuata, kiwanda cha Guest and Chrimes cha Rotherham, Uingereza, kilipata hataza ya koki ya kufunga kwa kuzungusha. Koki nyingi tunazozungusha leo zinafuata mpango huohuo.

Basi shawa ikianza kuvuja, wengi wetu tunakaza zaidi. Hapo ndipo tunapoiua washa. Kiti huichora alama ya mduara, mpira unakakamaa, na maji yanapata upenyo. Mkondo huo mwembamba hupita kwa kasi na taratibu huila shaba ya kiti. Kiti kikishaliwa, hata washa mpya haitazuia maji.

Kabla ya kushika spana, chunguza. Kichwa cha shawa kikidondosha kwa dakika chache kisha kikanyamaza, hayo ni mabaki ya maji tu. Maji yakitokea kwenye mkono wa koki, tatizo liko kwenye pete ya mpira au nyuzi za kuziba zinazoizunguka shafti. Koki inayofunguka kwa robo mzunguko kwa kawaida haina washa; ndani yake mna visahani viwili vya kauri, na ikivuja hubadilishwa moyo wake wote, yaani sehemu yenye visahani hivyo. Lakini koki ya mizunguko mingi ikidondosha usiku kucha, tafuta washa.

Funga maji kwenye tenki au mita, kisha fungua shawa ili yaliyobaki kwenye bomba yatoke. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa, maana skrubu ikitumbukia humo hairudi. Toa kifuniko, fungua skrubu, vua mkono wa koki, kisha fungua kichwa cha koki kwa spana. Ibebe washa ya zamani hadi dukani ili upate ya kipimo kilekile. Kabla ya kuipachika mpya, pitisha kidole juu ya kiti: kikiwa laini, endelea; ukihisi makovu, mwite fundi bomba akisawazishe au akibadilishe.

Rudisha kila kitu, fungulia maji polepole, kisha ifunge koki kwa vidole viwili tu. Washa nzima haihitaji zaidi ya hapo. Siku utakapojikuta unaikaza kwa kiganja kizima, usingoje tone la usiku: washa imechoka, ibadilishe.