Koleo, reki na chumvi: biashara ya kusafisha ua katika nchi ya theluji

THELUJI ikikoma kuanguka jijini Minneapolis, mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 za kusafisha njia ya waenda kwa miguu inayopita mbele ya nyumba yake. Mwenye fleti au duka ana muda mfupi zaidi: saa 4 tu, zikihesabiwa kuanzia asubuhi. Njia hiyo ni ya umma, lakini koleo ni la mwenye nyumba. Akizembea, jiji hupeleka watu wa kuifanya kazi hiyo, kisha humtumia bili.

Sheria hiyo huwashangaza wengi waliohamia jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kutoka Kenya, Somalia na nchi nyingine za ukanda huu. Ndiyo pia inayoipa biashara wateja wa uhakika. Mzee ambaye moyo wake hauruhusu tena kunyanyua theluji yenye maji, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mtu mwenye nyumba tano za kupangisha: wote hao hutafuta mtu mwenye koleo, au bora zaidi, mwenye pikapu iliyofungwa bamba la kusukuma theluji.

Lakini kazi yenyewe huanza kabla hata chembe moja ya theluji haijaanguka.

Mwezi Oktoba miti hupukutisha majani yote ndani ya wiki chache. Yakiachwa mazito juu ya nyasi, hulowa, hushikamana kama mkeka na kuziua nyasi chini yake. Hivyo hukusanywa kwa reki au mashine ya kupuliza. Nyasi hukatwa mara ya mwisho zibaki na urefu wa sentimita 6 au 7, kwa sababu zikiwa ndefu hulala chini ya theluji, zikafanya ukungu na kuwa maficho ya panya. Gata za paa nazo huzibuliwa. Maji yakikosa njia huganda kwenye ukingo wa paa, na yale yanayoyeyuka nyuma yake hurudi ndani ya dari.

Majani hayo hayatupwi na taka nyingine. Katika eneo la Minneapolis ni marufuku tangu mwaka 1990, na tangu 2010 hayaruhusiwi kufungwa kwenye mifuko ya kawaida ya plastiki. Hutiwa kwenye mifuko ya karatasi au ile inayooza, kisha hugeuzwa mboji. Mfanyabiashara aliyewahi kunyang'anywa mfuko wa plastiki mpakani Rusumo hahitaji kuelezwa zaidi.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote huwa dogo kwa macho: kusahau mpira wa maji kwenye bomba la nje. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba halina nguvu ya kuyazuia. Ufa hutokea Januari bila mtu kujua. Mwezi wa nne mwenye nyumba anafungua bomba amwagilie maua, na maji yanaingia chumba cha chini ya nyumba. Dakika mbili za kuufungua mpira zingetosha.

Wakati wenyewe ni mfupi. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka tarehe 31 Oktoba, na ilipokoma siku chache baadaye Minneapolis ilikuwa imepata zaidi ya sentimita 70. Aliyekuwa akisubiri wikendi ijayo ili azoe majani alichelewa.

Baada ya hapo huanza kamari. Mikataba ya kuondoa theluji ni ya aina mbili hasa: kulipwa kwa kila theluji inapoanguka, au kulipwa bei moja kwa msimu mzima, mara nyingi kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 Minneapolis ilipata takriban sentimita 229 za theluji, kiasi ambacho ni nadra. Aliyekuwa na bei moja ya msimu alitoka usiku baada ya usiku, akachoma mafuta, akavunja vipuri, kwa pesa zilezile. Msimu uliofuata theluji haikufika hata nusu ya hiyo. Safari hii aliyeumia ni yule wa malipo kwa kila theluji: pikapu ilikaa nyumbani huku mkopo wake ukiendelea kudaiwa.

Anayenunua mahindi ya Mbale yangali shambani ili ayauze Busia anaijua hesabu hii. Wazoefu huchanganya mikataba, nusu hivi na nusu vile. Na fedha hizo hazikai Minnesota zote. Sehemu hugeuka karo na mtaji wa duka huku nyumbani, kwa hiyo kipupwe kisicho na theluji huweza kuhisiwa hata Eldoret.

Gharama nyingine ni bima. Mtu akiteleza mbele ya duka akavunjika nyonga, kesi inaweza kumfikia aliyelipwa kusafisha hapo. Ndiyo maana chumvi humwagwa kwa wingi, na mara nyingi bila faida. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu barabara inapofika nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na usiku mwingi wa Januari hushuka kuliko hapo. Mchanga husaidia zaidi kwa baridi hiyo. Chumvi ikishaingia ziwani haina njia rahisi ya kutolewa: kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua kabisa lita 19 za maji.

Kuna mlango mwingine wa kazi hizi, ambao matapeli huupenda. Marekani hutoa viza ya H-2B kwa vibarua wa msimu wasio wa kilimo, 66,000 kwa mwaka kisheria, na kazi za bustani na viwanja ndizo huchukua sehemu kubwa kuliko nyingine. Viza hiyo huombwa na mwajiri, na kanuni zinakataza mwajiri au wakala kumtoza mfanyakazi ada ya kupewa kazi. Wakala anayedai chochote ili "akuingize kwenye theluji" yuko nje ya kanuni hizo.

Machi na Aprili theluji hutoa ilichokuwa imekificha: kinyesi cha mbwa, glavu iliyopotea, kokoto zilizosukumwa na magari ya jiji, na mabaka ya kijivu ya ukungu juu ya nyasi. Wageni hukimbilia reki siku ya kwanza ya jua, na huo ni uharibifu. Ardhi iliyolowa ikikanyagwa hushikana, na mizizi hukosa hewa. Kama nyayo zinaacha maji, bado. Ikikauka, mabaka hukwaruzwa kidogo kwa reki na kwa kawaida nyasi hurudi zenyewe.

Matawi yaliyovunjwa na barafu hukatwa, isipokuwa ya mialoni. Kuanzia Aprili hadi Julai mti huo hauguswi kwa msumeno, kwa kuwa wadudu hufuata utomvu wa jeraha wakiwa na kuvu inayoua mti mzima. Mteja atasisitiza tawi litoke leo. Fundi anayejua kazi humpangia tarehe ya Novemba.