Kibarua cha tumbaku: ulipwe nusu kwa kuwa wewe ni mdogo?

Msimu wa kuchuma tumbaku ukifika hapa Sikonge, wanafunzi wengi hutafuta kibarua wapate hela ya madaftari na viatu. Tajiri mwenye shamba anasema: "Wewe bado mtoto, nitakupa nusu ya mkubwa." Je, ni haki?

Wapo wanaosema ndiyo. Eti kijana hana uzoefu, na akidai sawa na mtu mzima hataajiriwa. Uingereza hiyo ni sheria kabisa: Aprili 2025 kima cha chini kwa walio chini ya miaka 18 kiliwekwa pauni 7.55 kwa saa, na kwa wenye miaka 21 na zaidi pauni 12.21.

Sheria yetu inasemaje?

Tanzania kima cha chini hupangwa kwa sekta, siyo kwa umri. Amri ya mishahara ya 2013, kwa mfano, iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo. Pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 afanye kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi ya hatari, hata ya shambani.

Sasa tumbaku je?

Jani bichi lina nikotini. Likilowa umande au mvua, sumu hiyo hupenya kwenye ngozi hata kama huvuti sigara. Utasikia kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha unatapika. Mwili mdogo hulemewa upesi. Ukilipwa nusu, sumu haipungui nusu!

Tena malipo ya chini yanamfanya tajiri amtafute mtoto na kumwacha baba yake bila kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "shilingi ngapi?", uliza "kazi gani?" Kuchuma majani mabichi, kupiga dawa na kukesha kwenye bani ukichochea moto, hizo siyo zako. Kama kazi ni nyepesi, patana malipo kabla ya kuanza, mzazi wako akisikia.

Na kama umeshika majani mabichi, oga kwa sabuni, badili nguo. Ukianza kutapika wahi zahanati, na usifiche: mwambie mganga umetoka kwenye tumbaku.