Muungwana Akivuliwa Nguo: Utangulizi wa Elimu ya Ustaarabu

Nakukaribisha hasa wewe unayelikaribia somo hili kwa mara ya kwanza, pengine kwa woga kidogo, ukidhani kuwa elimu ya ustaarabu ni habari za mapiramidi, wafalme na majumba ya marumaru. Ondoa shaka. Mimi hulianzia somo hili stendi ya mabasi.

Mtu mmoja anapiga kelele: "Mwizi!" Kijana anatimua mbio. Watu ambao dakika moja iliyopita walikuwa wakimenya machungwa, wakiulizana nauli na kuwapisha wazee kwenye benchi, sasa wanaokota mawe. Wengi wao hawajui kilichoibwa ni nini, wala hawana hakika kama mwizi ndiye huyu. Kesho yake habari itaandikwa kwa ufupi: kijana ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo tumeyazoea mno hata hatuyasikii tena.

Swali la somo letu lote limo humo. Dakika moja kabla ya kelele, ni kitu gani kilichowazuia watu wale kuua? Na baada ya kelele, kitu hicho kilikwenda wapi? Hicho kinachozuia ndicho ninachokiita ustaarabu, na kukatika kwake ndiko ninakokuita ushenzi. Ukikubali kutembea nami na maana hizo mbili, utaona zinavyotufikisha mbali.

Kwanza tuyachunguze maneno yenyewe, kwa kuwa yana historia isiyo safi. "Ustaarabu" limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufuata mwenendo wa Waarabu. "Utamaduni" lina mzizi mmoja na neno madina, yaani mji. Ni mwenendo wa watu waliozoea kuishi pamoja mjini. "Uungwana" lilikuwa sifa ya mtu huru wa pwani, mwenye nasaba na adabu, asiye mtumwa wa mtu. Na "mshenzi"? Katika karne ya 19, kwa watu wengi wa pwani, huyo alikuwa mtu wa bara asiye Mwislamu, ambaye aliweza kukamatwa na kuuzwa. Wagiriki wa kale nao waliwaita wageni barbaroi, kwa sababu lugha za wageni hao ziliwalia masikioni kama bar-bar-bar. Lugha nyingi za Ulaya zikachukua huko neno lao la ushenzi.

Bila shaka umeona jambo. Karibu kila neno lilitungwa na aliye ndani ili kumtaja aliye nje. Mshenzi wa kwanza hakuwa mtu aliyetenda uovu. Alikuwa mtu wa kwingine. Huu ndio mtego wa kwanza wa somo letu, na wasomi wakubwa wamenasa humo.

Tazama gharama yake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji ule kwa uzuri wake na ujenzi wake. Mwaka 1505 merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida zikafika hapohapo, zikauteka mji na kuupora, kisha zikaelekea Mombasa nako kukachomwa moto. Katika mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, mataifa ya Ulaya yaliahidi kwa maandishi kuwaletea Waafrika manufaa ya ustaarabu. Mwaka huohuo wa 1885 Leopold II wa Ubelgiji akawa mtawala wa Dola Huru ya Kongo, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Nasi tusijitoe. Waungwana wetu waliochonga milango ya kupendeza Unguja waliishi jirani na soko la watumwa, na soko hilo lilifungwa mwaka 1873 tu.

Huenda sasa unauliza: kama maneno haya yamebeba damu kiasi hicho, kwa nini tusiyatupe? Ni swali la haki, na wapo wasomi wanaoshauri hivyo. Mimi nashauri tuyahamishe. Tuyatoe kwenye watu, tuyaweke kwenye vitendo. Hakuna kabila la washenzi. Kuna matendo ya kishenzi, na mtu yeyote, wa taifa lolote, anaweza kuyatenda kabla jua halijazama. Kiswahili chenyewe kinatusaidia, maana wahenga wametuachia msemo kwamba uungwana ni vitendo.

Wametuachia pia methali ambayo kwangu ni mlango wa somo zima: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ifikirie polepole. Nguo hapa ni cheo, mali, hadhi, hata ulinzi wa sheria. Vyote vimeondoka. Kilichobaki ni aibu iliyo ndani yake, nayo inamwambia achutame, ajisitiri. Hakuna askari anayemlazimisha. Hicho wataalamu hukiita kujizuia kwa ndani: mwiko ambao mtu ameumeza tangu utotoni hadi haoni tena kuwa ni mwiko, anaona ni yeye mwenyewe. Mwanasosholojia Norbert Elias, yaani mtaalamu wa maisha ya jamii, alichapisha mwaka 1939 utafiti mkubwa kuhusu jinsi watu wa Ulaya Magharibi walivyojifunza kujizuia kwa karne nyingi, kuanzia adabu za mezani hadi kuachia dola kazi ya kutumia silaha. Lakini Elias alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, na mama yake aliuawa na Wanazi. Aliyeeleza namna mwiko unavyojengwa aliishi kuona unavyobomolewa.

Hapo wanafunzi wengi hukwama, nami nataka kukuvusha. Utasema: Ujerumani ilikuwa na reli, vyuo vikuu, muziki na maabara. Iliwezekanaje mwiko huo ukabomoka huko? Jibu linahitaji tutenganishe vitu viwili tunavyovichanganya kila siku. Maendeleo ya vitu ni uwezo wa kufanya mengi. Ustaarabu ni uwezo wa kutofanya baadhi ya hayo tunayoyaweza. Cha kwanza kinaweza kukua huku cha pili kikifa, na inapokuwa hivyo, maarifa yote hugeuka kuwa vyombo vya kuulia.

Mfano wa karibu nasi ni Rwanda, na hapa naomba utulie, kwa sababu unabeba somo letu karibu lote. Mwaka 1993 redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo. Ilipendwa kwa muziki na mazungumzo yake ya kijiweni. Humohumo Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. Kitendo hicho kina jina katika taaluma yetu: kumvua mtu utu. Maana yake ni kumwondoa mtu, kwa maneno, katika orodha ya wale ambao mwiko wa kuua unawalinda. Mende hauawi, mende anasagwa kwa kiatu, na aliyemsaga analala usingizi. Rudi sasa stendi. Pale kijana alipoacha kuitwa kijana akaitwa kibaka, jiwe la kwanza lilikuwa limekwisha kurushwa.

Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki au waliopinga. Usidhani ilikuwa vurugu tu. Kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo watu walikaguliwa vitambulisho, na kila kitambulisho kilitaja kabila la mwenyewe, utaratibu ulioachwa na utawala wa Wabelgiji. Kulikuwa na orodha za majina. Viongozi wa mitaa walitoa amri. Ushenzi wa zama zetu unaweza kuvaa tai na kushika faili.

Na elimu je, si kinga? Mmoja wa waanzilishi wa redio ile, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu. Kila ninapoingia darasani nalikumbuka hilo. Elimu isiyomfundisha mtu mahali pa kusimama humpa maneno makali zaidi ya kuwachomea wenzake.

Sasa tupande ngazi inayofuata. Kama aibu ya ndani inaweza kuvunjwa, na elimu haitoshi, tunajilinda kwa nini? Kwa taasisi. Taasisi ni utaratibu uliowekwa na jamii, unaobaki imara hata hasira zinapopanda na watu wanapobadilika: mahakama, baraza la wazee, gazeti huru, shule. Kazi yake ni kukumbuka mwiko pale ambapo watu wameusahau.

Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuhukumu uhalifu wa Rwanda, na makao yake yakawa Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Neno kimbari linatokana na mbari, yaani ukoo au jamii yenye asili moja. Mauaji ya kimbari ni kuwaua watu kwa nia ya kuiangamiza jamii yao, kwa sababu tu ni jamii hiyo. Kosa hilo halikuwa na jina hadi mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, alipolitungia neno katika kitabu chake cha 1944. Miaka minne baadaye, tarehe 9 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kulizuia na kuliadhibu. Unaona namna kazi hii inavyokwenda: kwanza uovu unapewa jina lake halisi, kisha sheria, kisha jaji. Kati ya neno la Lemkin na hukumu ya Arusha ilipita miaka 54.

Lakini nataka ulitazame jambo moja la Arusha ambalo huwakera wengi. Washtakiwa walipewa mawakili. Walitafsiriwa kila neno. Walikata rufaa. Nahimana alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, na mwaka 2007 majaji wa rufaa wakakipunguza hadi miaka 30. Wapo walioachiwa huru. Hakuna aliyenyongwa, kwa kuwa mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo. Nimewahi kuulizwa kwa uchungu: watu walioua namna ile wanastahili wakili?

Wahenga walilijibu swali hilo kwa ukali wao: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mahakama isiyoweza kumwachia mtu huru ni stendi ileile iliyovaa joho. Wakili hakuwekwa pale kwa sababu mshtakiwa ni mwema. Aliwekwa ili sisi tunaohukumu tusifanane na kile tunachokihukumu. Hapa ndipo palipo ugumu wa kuulinda ustaarabu. Ushenzi hushinda mara mbili: kwanza unapotupiga, na tena unapotufundisha kupiga kama wenyewe. Kumbukumbu za kesi zile zimehifadhiwa hadi leo Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, ili atakayesema kesho kwamba hayakutokea, aonyeshwe kurasa.

Sasa umekwisha kuishika misingi mitatu: aibu ya ndani, ulimi unaomtaja mtu kama mtu, na taasisi zinazokumbuka kwa niaba yetu. Mengine utakayosoma katika taaluma hii ni matawi yake. Ukitaka kuanza mazoezi, anza na simu yako. Katika makundi unayoshiriki, sikiliza ni watu gani wanaoitwa majina ya wadudu, wanyama au magonjwa, kisha jiulize mikono yako ilifanya nini: ilisambaza au ilisita? Siku nyingine nenda mahakamani ukaketi nyuma. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Utaona mambo yanakwenda polepole, na utatamani yaharakishwe. Tafakari kwamba polepole ile ndiyo tofauti kati ya hukumu na jiwe.

Nimeliacha swali moja makusudi. Je, mtu wa kawaida, asiye jaji wala waziri, anaweza kitu mbele ya kundi? Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Walishambuliwa kwa risasi na mabomu, na baadhi yao wakafa. Leo nchi yao inawahesabu miongoni mwa mashujaa wake.

Walikuwa wanafunzi, kama ulivyo wewe unayefungua kitabu hiki. Hawakuwa na silaha, sheria haikuwepo chumbani, na hakuna mkubwa aliyekuwa akiwatazama. Walikuwa wamevuliwa kila nguo ambayo jamii humvika mtu, nao wakachutama pamoja. Tutakachokifanya katika kurasa zijazo ni kuuliza, kwa subira na kwa bidii, watoto wale walifundishwa nini, na nani, hata wakaweza. Karibu tuanze.