Binti mfalme aliyeuliza chakula kimetoka wapi

UKISAFIRI kutoka Chavakali kwenda mjini Kakamega, kabla hujaingia mjini utapita Mukumu, misheni kongwe iliyofunguliwa na mapadri wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ndipo ilipo hospitali ya Mtakatifu Elizabeth. Akina mama wengi wamejifungulia humo, lakini ukimuuliza mpita njia huyo Elizabeth ni nani, huenda akakutajia mamake Yohana Mbatizaji. Yuko mwingine, ambaye jina lake limeandikwa kwenye malango ya hospitali za Kikatoliki katika nchi nyingi. Huyu alifariki akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Alizaliwa mwaka 1207, bintiye Mfalme Andrew wa Pili wa Hungary. Alipokuwa na miaka minne alipelekwa Ujerumani, katika ngome ya Wartburg, kulelewa na watu ambao wangekuwa wakwe zake. Mwaka 1221, akiwa na miaka 14, aliozwa Ludwig, mtawala wa Thuringia. Leo sheria za Kenya zingemtia mtu ndani kwa arusi kama hiyo. Hata hivyo, wote walioishi nao walishuhudia kwamba wawili hao walipendana kwa dhati.

Mwaka 1226 njaa iliingia Thuringia. Ludwig alikuwa safarini Italia kwa shughuli za Kaisari. Elizabeth alifungua maghala ya serikali akawagawia watu nafaka, akauza vito vyake, na chini ya ngome akafungua hospitali ya vitanda 28. Maafisa walinung'unika na kumshtaki kwa mumewe aliporudi, lakini Ludwig hakuwasikiliza.

Mavuno yalipokaribia, Elizabeth aliwapa wenye nguvu mashati, viatu vya kuwakinga na visiki vya mabua, na mundu wa kuvunia, ili waende mashambani wakajilishe wenyewe. Mkulima wa Shinyalu au Butere, ambaye hungoja mahindi yakauke huku ghala limebaki vumbi, ataelewa msaada wa namna hiyo bila kuhubiriwa.

Wengi humkumbuka kwa kisa cha mikate iliyogeuka mawaridi ndani ya vazi lake. Ni hadithi tamu, lakini imesimuliwa pia juu ya watakatifu wengine, na mimi naona inaficha jambo lililo gumu zaidi. Wajakazi wake, waliotoa ushahidi baada ya kifo chake, walieleza kwamba akiwa mezani na mumewe Elizabeth alikuwa akiuliza kila chakula kimetoka wapi. Kama kilitoka katika mashamba halali ya mumewe, alikula. Kama kilikuwa kimenyang'anywa wakulima kwa nguvu, alivunjavunja mkate na kuusukuma huku na huku sahanini ili wageni wadhani anakula. Siku nyingine aliondoka mezani na njaa.

Hebu fikiria swali hilo likiulizwa na mtoto katika nyumba moja ya mjini, baba akiwa ametoka kazini na bahasha nene ambayo si mshahara.

Mwaka 1227 Ludwig alifariki bandarini Otranto, akielekea vita vya msalaba. Mjane alikuwa na miaka 20 na mimba ya mtoto wa tatu. Akaondoka ngomeni. Wengine husema shemeji yake alimfukuza. Wengine husema alitoka mwenyewe kwa kuwa asingeweza kuishi kwa chakula cha dhuluma. Vyovyote ilivyokuwa, ugomvi wa mjane na mashemeji juu ya mali ya marehemu si jambo geni kwetu, hata baada ya Sheria ya Urithi kuanza kutumika mwaka 1981.

Alipolipwa haki yake alijenga hospitali mjini Marburg mwaka 1228, akaipa jina la Mtakatifu Fransisko wa Assisi, na kuwaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Si yote ya kuigwa. Padri Konrad, msimamizi wake wa kiroho, alikuwa akimchapa viboko, na aliwaondoa wajakazi aliowapenda tangu utotoni. Mtoto wa mwisho, Gertrude, aliachwa kwenye nyumba ya watawa kabla hajatimiza miaka miwili. Mzazi yeyote anayesoma habari hizi atasita hapo, na ana haki ya kusita.

Elizabeth alifariki usiku wa kuamkia Novemba 17, 1231, na Papa Gregori wa Tisa akamtangaza mtakatifu mwaka 1235. Mwaka uliofuata, Kaisari Frederick wa Pili alikuja Marburg na kuweka taji la dhahabu juu ya kichwa cha mwanamke ambaye alikuwa akivua taji lake kila aingiapo kanisani. Mahujaji walimiminika kaburini kwa miaka 300, hadi mwaka 1539, mifupa ilipoondolewa humo kwa amri ya Philip wa Hesse, mtawala aliyekuwa ameacha Ukatoliki. Philip alikuwa mmoja wa wazao wake.