Fungu la Krismasi: namna ya kuuza keki na mapambo kwa wazazi wenye watoto nyumbani

Leo naongea na mwenye duka dogo la mtaani, hasa wa huku kwetu Singida, kuhusu hela ya mwezi wa 12 ambayo wengi wetu inatupita tukiitazama. Siyo soda, siyo mchele. Ni watoto waliofunga shule.

Shule zikifungwa Desemba, watoto wako nyumbani mpaka Januari. Mvua imeshaanza, mama asubuhi yuko shamba. Akirudi mchana anakuta wanamzunguka: mama, Krismasi tutafanya nini? Nguo mpya siyo za kila mwaka. Lakini keki ya kwenye sufuria, biskuti za kukata kwa glasi na karatasi za rangi za kuning'iniza mlangoni vinawezekana, na watoto wanafanya kwa mikono yao. Kinachomkwamisha mzazi ni kwamba vitu viko sehemu tano tofauti, vipimo hajui, na anaogopa kuharibu mayai. Hapo ndo duka lako linapoingia.

Nianze na kosa langu, maana ndo lililonifundisha hii biashara.

Krismasi yangu ya kwanza dukani hapa Ikungi nilipata beking pauda kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyebakiwa na mzigo wa mwaka uliopita. Nikafurahi kweli. Nikaipima kwenye vipakiti vidogo vya 200, nikaviweka kwenye kapu karibu na dirisha, na mvua zile zilikuwa zinapiga kwa upepo wetu mnaoujua. Zikaisha zote kabla ya tarehe 25. Tarehe 26 asubuhi akaja mama mmoja kabeba sufuria, nyuma yake watoto watatu. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema: "Mangi, dawa yako ya keki imekufa." (Mimi siyo Mchaga, ila mwenye duka ni mangi tu.) Akafunua sufuria. Keki imelala kama ugali wa jana. Mayai manne ya kuku wake, ambayo angeyauza, yaliishia mle. Yule mtoto wa mwisho akaniuliza mimi, siyo mama yake, kama itaumuka kesho.

Nilimrudishia 200 yake. Fikiria hiyo hesabu. Kapoteza mayai, unga, sukari, mkaa na siku nzima ya watoto, mimi namrudishia 200. Mpaka Pasaka alikuwa anapita mbele ya duka langu kwenda kununua chumvi kwa jirani.

Baadaye ndo nikaanza kuuliza na kusoma kwenye simu. Beking pauda ni magadi ya kuokea yaliyochanganywa na asidi kavu, pamoja na wanga wa kunyonya unyevu. Ikikutana na maji, magadi na asidi vinafanya kazi pamoja na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Sasa unyevu ukiingia kwenye pakiti, ile kazi inafanyika kidogo kidogo humo humo. Mteja anaponunua, anapewa unga mweupe uliomaliza nguvu zake dirishani kwako. Kwa macho huwezi kujua.

Kipimo chake ni rahisi na siku hizi sifungashi bila kukifanya. Weka nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto kidogo, kama theluthi ya kikombe. Inatakiwa ichemke mapovu papo hapo, kwa fujo. Ikitoa vipovu viwili vitatu vya aibu, usiiuze. Magadi yenyewe peke yake unapima kwa kuyadondoshea limau, siyo kwa maji. Na hamira unaiweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, ndani ya dakika 10 iwe imetoa povu. Halafu mtoto akitumwa "hamira" mwezi wa 12, muulize: ya maandazi au ya keki? Huku kwetu wengine wanaita zote hamira, na mtoto akipeleka siyo, ukali wote unarudi dukani.

Sasa fungu lenyewe. Mimi nauza mfuko mmoja wa khaki wenye kila kitu isipokuwa mayai na maziwa, kwa sababu wateja wangu wengi wana kuku, na maziwa wanapata kwa jirani. Ndani kuna unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kilo, mafuta ya alizeti robo lita, beking pauda vijiko viwili vya chai, na karatasi nne za rangi za saizi ya daftari kubwa, ile A4. Natumia alizeti, siyo siagi ya kopo. Alizeti ni zao letu, yanakamuliwa hapa hapa, na keki ya mafuta inabaki laini mpaka siku ya tatu. Chagua tu yaliyochujwa vizuri, maana yale mazito ya rangi ya chai yanaacha harufu.

Gharama kwangu msimu uliopita ilikuwa hivi: unga 850, sukari 700, mafuta 1,300, beking pauda 150, karatasi 400, mfuko na vifungashio 150. Jumla 3,550. Nikauza 4,500. Faida ni 950 kwa fungu, na niliuza mafungu 62, sawa na 58,900. Siyo utajiri, nakubali. Lakini karatasi za rangi nilikuwa siziuzi kabisa kabla ya hapo, na mtu akija kuchukua fungu anaondoka na majani ya chai na sabuni.

Mfuko uwe wa karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, usijitafutie faini kwa ajili ya keki. Na khaki ina faida nyingine: watoto wanaandika majina yao juu yake na kuchora. Wapo wanaoning'iniza mfuko wenyewe ukutani.

Ndani naweka kikaratasi cha vipimo. Hiki ndicho kinachouza, kuliko hata sukari. Nimeandika kwa mkono halafu nikatoa kopi. Kikombe ninachosema ni cha robo lita, na nusu kilo ya ngano inatoa vikombe vinne hivi: viwili keki, viwili biskuti.

Keki: vikombe 2 vya unga, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta, mayai 3 (ya kienyeji ni madogo, weka 4), maziwa robo tatu ya kikombe, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo sana. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe, tia mafuta na maziwa, halafu unga uliochekechwa pamoja na beking pauda. Unga ukishaingia usipige tena kwa nguvu, changanya tu.

Hapo kwenye kijiko kimoja na nusu nieleze kidogo. Maelezo mengi ya kwenye simu yanasema vijiko viwili kwa unga huo, na mtu wa Dar anapata keki nzuri. Mimi nilipofuata hivyo, keki ilipanda haraka ikapita ukingo, halafu ikadidimia katikati kama shimo la panya. Sababu ni mwinuko. Singida tuko juu, mjini ni kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huku juu hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani. Yale mapovu yanatanuka zaidi na kupasuka kabla keki haijashikana. Kwa hiyo punguza beking pauda. Hiki kitu kimoja kimenipa heshima kwa wateja kuliko punguzo lolote.

Jiko: wengi hatuna oveni. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini kimo cha vidole viwili, lipate moto kwanza dakika 10. Weka sufuria ndogo yenye keki ndani, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Moto chini uwe kidogo, juu uwe mwingi. Usifunue kabla ya nusu saa. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu, imeiva, mara nyingi ni kati ya dakika 35 na 45. Upepo wetu unakula mkaa upande mmoja, kwa hiyo kinga jiko kwa bati au tofali. Ila usiliingize ndani! Mvua ikinyesha watu wanahamishia jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa unatoa sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, inaua watu wakiwa wamelala. Hilo nimeliandika kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa, na mzazi akichukua fungu namwambia kwa mdomo pia.

Biskuti ndo kazi ya watoto hasa. Vikombe 2 vilivyobaki vya unga, nusu kikombe cha sukari, theluthi ya kikombe cha mafuta, yai 1, nusu kijiko cha beking pauda. Ikiwa kavu ongeza maziwa kijiko kijiko. Wanasukuma kwa chupa ya soda, wanakata kwa glasi, wanachora macho kwa uma. Mkubwa anachekecha, wa kati anapiga mayai, mdogo anakata. Makaa ni ya mtu mzima peke yake. Na wasirambe unga mbichi, najua ni vigumu, lakini mayai mabichi na unga mbichi vinaweza kuwaharisha Krismasi nzima.

Mapambo hayahitaji gundi ya kununua. Kijiko kimoja cha unga wa ngano kutoka kwenye fungu, maji nusu kikombe, koroga jikoni mpaka uwe uji mzito. Imeisha, hiyo ndo gundi. Karatasi moja inakatwa vipande 9 vya upana wa sentimita 3, vinakunjwa duara moja ndani ya jingine. Karatasi nne zinatoa maduara 36, mnyororo wa zaidi ya mita mbili, unavuka mlango vizuri. Wengine wanaongeza maua mekundu ya mkrismasi, maana mwezi huo miti imewaka yenyewe, na hayo ni bure. Maputo nauza pembeni, siyo ndani ya fungu, kwa sababu kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Mwenye mtoto wa miaka miwili namwambia aache.

Kuhusu muda. Desemba hela ya mkulima imeenda kwenye mbegu na kulimisha, na Januari inamsubiri na sare na madaftari. Usimtegemee atoe 4,500 kwa mkupuo tarehe 23. Mimi naanza katikati ya Oktoba: anadunduliza 500 kila wiki, wiki 9 anakuwa amemaliza. Naandika kwenye daftari langu na kwenye kadi yake, tunasaini wote. Hela hiyo siyo yako mpaka umtolee mzigo, usiizungushe kwenye vocha. Na mtoto akiugua katikati, mama akitaka hela yake, mpe siku hiyo hiyo bila maneno. Msimu uliopita nilirudisha kwa watu wanne, na watatu kati yao walikuja tena.

Beking pauda nunua mwisho kabisa, mwanzoni mwa Desemba, angalia tarehe ya kuisha, ihifadhi kwenye kopo la mfuniko wa kubana na ufungashe siku mbili tatu kabla ya kuuza. Unga, sukari na mafuta havikutishi, vikibaki vinauzika Januari. Karatasi za rangi nazo wanafunzi wanafunikia madaftari.

Kwa wateja Waislamu nafanya fungu hilo hilo wakati wa Idd, naongeza iliki, wanatengeneza vileja na visheti na watoto. Kumbuka tu Idd inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitumie tarehe ya mwaka jana kupanga mzigo.

Yule mama wa sufuria msimu uliopita alinunua mafungu mawili, moja la Krismasi, moja la mwaka mpya. Ila kabla hajatoa hela aliomba maji ya moto na kikombe, akapima beking pauda mwenyewe pale pale kaunta, watoto wote watatu wamechungulia.

Ilichemka.