Helmeti na Kiti cha Gari la Mashindano: Pima Kabla ya Kufunga Mkanda

Tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 na kupiga kambi Naivasha, si ajabu kukuta gari kuukuu likiandaliwa katika gereji zetu kwa ajili ya mbio za hapa nyumbani. Pesa nyingi huishia kwa injini, shoki na magurudumu. Kiti huachwa kile kile kilichokuja na gari, na hapo ndipo shida huanzia.

Kiti cha kawaida kimetengenezewa kichwa kitupu. Ukivaa helmeti, unene wake wa nyuma hugusa egemeo la kichwa kabla ya mgongo wako kufika kwenye kiti. Kichwa husukumwa mbele, kidevu hukaribia kifua, na shingo huanza kuuma mapema. Katika njia za mawe na vumbi la Kedong, shingo hiyo iliyopinda hubeba helmeti ya zaidi ya kilo moja ikirushwa kila upande.

Wengine huamua kung'oa egemeo. Tafadhali usifanye hivyo. Gari likigongwa kwa nyuma au likitua vibaya, hakuna kitu cha kuzuia kichwa kisirudi nyuma kwa nguvu.

Dawa ni kuusogeza mgongo, si kichwa. Kiti halisi cha mashindano huwa na nafasi ya helmeti, mabawa ya kuzuia kichwa kando na matundu ya kupitishia mikanda ya mabega. Ukinunua kilichotumika, tafuta lebo ya FIA na usome tarehe. Kiti cha kiwango cha 8855-1999 huhesabiwa miaka 5 tangu kitengenezwe. Cha 8862-2009 miaka 10. Muuzaji akisema lebo ilibanduka, rudi nyumbani na pesa zako.

Kiti kikiwa kizuri lakini helmeti bado inakusukuma, weka pedi nyembamba na ngumu nyuma ya mgongo na mabega, au mwambie fundi alaze kiti kidogo. Sponji laini ya godoro inastarehesha siku ya kwanza tu. Ajali ikitokea hubonyea, mikanda ikalegea, nawe ukateleza chini yake. Kiti chenyewe kifungwe kwenye vyuma imara vya bodi. Bati la sakafu peke yake hung'oka.

Angalia juu pia. Helmeti isiguse paa wala vyuma vya fremu ya ndani, na vyuma vilivyo karibu na kichwa vivikwe pedi ngumu iliyoidhinishwa. Mwelekezi asisahauliwe: yeye huinama kusoma maelezo ya njia, kwa hivyo kiti chake hupimwa peke yake.

Kifaa cha kulinda shingo, HANS, ambacho kilifanywa lazima katika Formula 1 mwaka wa 2003, hukaa mabegani chini ya mikanda na kuunganishwa na helmeti. Huchukua nafasi, kwa hivyo usipime kiti bila hicho.

Kabla ya siku ya mbio, dereva na mwelekezi waketi ndani ya gari hapo gereji dakika 20, wakiwa wamevaa kila kitu na kukaza mikanda. Shingo ikianza kulalamika gari likiwa limesimama, fundi arudi kwenye kiti kwanza, injini itangoja.